Udongo wa Uluguru: kulisha shamba lililo mteremkoni

Shamba la mahindi la Mkuyuni na shamba la kabichi la Nyandira huweza kutiwa mbolea ya aina moja, kwa kipimo kilekile na katika msimu uleule, moja likastawi na la pili lisioneshe tofauti yoyote. Lawama huangukia mbolea, au muuzaji, au mvua. Udongo ulioipokea mbolea hiyo ndio unaochelewa kuulizwa, ingawa majibu mengi yako huko.

Mjadala huu ulipamba moto mkoani Morogoro, kama ilivyokuwa kwingine nchini, baada ya bei ya mbolea kupanda duniani na Serikali kurudisha ruzuku katika msimu wa 2022/2023. Mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umevuka shilingi 130,000 ukashushwa hadi shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Tangu hapo kauli tatu zimekuwa zikigongana vijijini, kwenye redio na katika semina za ugani. Ya kwanza husema ardhi imechoka, na dawa yake ni mbolea ya dukani. Ya pili hudai kwamba mbolea ya chumvichumvi ndiyo inayoiua ardhi, na kwamba ardhi ikishazoeshwa haizai tena bila hiyo. Ya tatu huzipuuza zote mbili: kwa nini mtu anunue mbolea au abebe samadi, ikiwa mvua ya masika itaiteremsha yote hadi Mto Ruvu? Kila kauli ina wasomi nyuma yake na kila moja ina chembe ya ukweli. Mkanganyiko huanza pale kila moja inapojifanya jibu la kila shamba.

Mlima mmoja, udongo wa aina nyingi

Milima ya Uluguru huinuka ghafla kusini mwa mji wa Morogoro, kutoka takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,600 kwenye kilele cha Kimhandu. Ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima ya miamba ya kale unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Upande wa mashariki hutazama Bahari ya Hindi na kupokea upepo wenye unyevu. Sehemu zake nyingi hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi umo katika kivuli cha mvua na hupata pungufu sana. Ndiyo maana Kinole na Matombo ni nchi ya ndizi, mananasi, mdalasini na karafuu, ilhali Mgeta, yenye baridi na ukavu kiasi, imejijengea jina kwa kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo.

Mvua hiyo huleta neema na hasara kwa pamoja. Kwa maelfu ya miaka maji yamekuwa yakipenya kwenye miamba iliyooza na kuondoka na kalisi, magnesi na potasi. Kinachobaki ni oksidi za chuma na alumini, ambazo ndizo huupa udongo wekundu wake, pamoja na mfinyanzi usio na nguvu kubwa ya kushika virutubisho. Katika udongo wa namna hii sehemu kubwa ya utajiri imo kwenye tabaka jembamba la juu, jeusi kwa sababu ya mboji. Ukifyekwa msitu, mazao ya miaka michache ya mwanzo huwa mazuri kwa kula akiba ya mboji, kisha huporomoka. Mkulima anaposema shamba limechoka, kwa kawaida akiba hiyo ndiyo iliyokwisha.

Chini ya milima, kuelekea Mlali na uwanda wa Mkata, mambo hugeuka. Huko hupatikana udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata masika. Hauna tindikali kali, hushika virutubisho vizuri, na taabu yake kubwa ni maji yanayotuama. Ushauri unaofaa Kinole unaweza kuwa fedha iliyotupwa ukipelekwa Mkata, ijapokuwa yote ni Morogoro.

Uwiano maana yake nini

Mmea huhitaji virutubisho 17, na hakuna kimoja kinachoweza kushika zamu ya kingine. Kanuni inayohusishwa na Wajerumani wawili wa karne ya 19, Carl Sprengel na Justus von Liebig, inasema kwamba ukuaji hupimwa na kile kilichopungua zaidi, hata kama vingine vimefurika. Shamba lenye naitrojeni ya kutosha na fosforasi kidogo litazaa kwa kiasi cha fosforasi. Kuongeza urea hapo ni kumwaga maji kwenye mtungi uliokwisha kujaa.

Tindikali ndiyo inayoamua hesabu hii kwa sehemu kubwa ya mlima. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Mizizi huwa mifupi na minene, haifiki chini kwenye unyevu, na wiki moja tu ya jua kali huonekana kama ukame. Wakati huohuo fosforasi, hata ile iliyotoka dukani, hunaswa na chuma na alumini ikawa haipatikani kwa mmea. Dalili zake kwenye mahindi machanga ni rangi ya zambarau kwenye kingo za majani na shina lililodumaa. Mkulima akiona hivyo huongeza mbolea, nayo hunaswa vilevile.

Ziada nayo ina gharama. Naitrojeni ikizidi potasi, kabichi huwa na majani laini na mabichi yanayowavutia vidukari na kuoza upesi safarini. Nyanya zinazokosa kalisi, au zinazopata maji kwa kushtukiza leo na kukosa kesho, huoza kitako. Wengi hudhani ni ugonjwa na kupiga dawa ya kuvu isiyohusika kabisa. Huko bondeni kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, hushamiri kwenye udongo uliokosa naitrojeni na mboji. Kung'oa kiduha bila kurekebisha udongo ni kazi isiyokwisha, kwa kuwa mbegu zake hukaa ardhini miaka mingi zikisubiri. Sehemu kubwa ya fedha inayokwenda kwenye viuatilifu ingepungua kama chanzo kingeshughulikiwa mizizini.

Mboji hufanya kazi ambayo mfinyanzi wa mlimani hauiwezi. Huwa na chaji zinazoshika kalisi, magnesi na potasi zisioshwe, huifunga alumini isiudhuru mzizi, huunganisha chembe za udongo ili maji yapenye badala ya kukimbia juu, na huwalisha minyoo, bakteria na kuvu wa mizizi wanaomfikishia mmea fosforasi. Udongo uliopoteza mboji huweza bado kuzalisha kwa msaada wa mbolea, lakini mbolea hiyo huwa haina pa kushikilia.

Hoja ya mbolea ya dukani

Nguvu ya hoja hii iko kwenye hesabu. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 15 za naitrojeni, bila kuhesabu mabua. Kabichi, viazi na ndizi huchukua potasi kwa wingi zaidi, na lori linaloshuka kutoka Nyandira kuelekea masoko ya Dar es Salaam ni shehena ya virutubisho isiyorudi. Tofauti na zamani, ambapo chakula kililiwa pale kilipolimwa na mabaki yakarudi shambani, kilimo cha biashara kimekata mzunguko. Kitu lazima kirudishwe kutoka nje.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na mtu mmoja huupandisha mlimani kwa safari moja. Kwa mkulima mwenye robo tatu ya hekta kwenye mteremko usiopitika hata kwa pikipiki, hakuna chanzo kingine chenye uzito mdogo namna hiyo. Matumizi ya Afrika kusini mwa Sahara yalikuwa kama kilo 8 tu za virutubisho kwa hekta wakati viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2006 na kuweka lengo la kilo 50. Kusema kwamba wakulima wa Uluguru kwa ujumla wao wanatumia mbolea kupita kiasi ni kuhamisha tatizo la Ulaya au Uchina na kulipandikiza mahali lisipo.

Hata hivyo malalamiko kwamba mbolea inaharibu ardhi hayakuzuka hewani. Mbolea zenye amonia huongeza tindikali bakteria wanapoibadili amonia kuwa naitreti. SA (salfeti ya amonia), iliyopendwa kwa miaka mingi kwa sababu ya bei yake nafuu, ndiyo kali zaidi: kwa kila kilo ya naitrojeni iliyotiwa, hudai chokaa karibu mara tatu ya ile inayodaiwa na urea. Mbolea ya CAN haina ukali huo kwa sababu imechanganywa na kalisi. Shamba la mlimani lenye tindikali tangu asili, likatiwa SA mwaka hadi mwaka bila chokaa wala mboji, litafika mahali lisizae hata kwa mbolea. Anayesema ardhi imezoeshwa ameona tukio la kweli na kulipa maelezo yasiyo sahihi. Ardhi haizoei mbolea. Tindikali imepanda, na mboji imeisha kwa sababu mabua yamechomwa au kulishwa mifugo.

Udhaifu wa pili ni wa mteremko wenyewe. Mbolea iliyomwagwa juu ya udongo huondoka na mvua kubwa ya kwanza, na urea isiyofukiwa hupotea hewani. Maofisa ugani wengi hufundisha kutumia kizibo cha soda kama kipimo na kufukia mbolea pembeni mwa shina. Mbinu hii huokoa fedha nyingi kwa gharama ya mgongo: shimo moja moja, shina kwa shina, kwenye ardhi iliyoinama. Ruzuku kwa upande wake huiacha kazi nusu njiani. Hushusha bei ya naitrojeni na fosforasi kwa kila aliyejiandikisha bila kujali pH, ilhali chokaa, ambayo udongo wenye tindikali huihitaji kwa tani moja hadi tatu kwa hekta, imebaki kuwa bidhaa nzito isiyoonekana kwenye maduka ya pembejeo ya vijiji vingi.

Hoja ya kilimo hai

Morogoro ni mojawapo ya vituo vikuu vya kilimo hai nchini. Shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, maarufu kama SAT, lilisajiliwa mwaka 2011 baada ya kazi iliyoanza na vikundi vya wakulima wa Uluguru, na lina kituo cha mafunzo Vianzi, nje kidogo ya mji. Mafundisho yake yanaeleweka haraka: rundo la mboji, matandazo, mazao mseto, mimea jamii ya kunde, na dawa za majani badala ya viuatilifu.

Hoja hii ina sayansi imara pale inapozungumzia mboji na uhai wa udongo. Mbaazi, kunde na fiwi huvuta naitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizi, na majani yanayodondoka hufunika ardhi. Marejea, mmea wa mbolea ya kijani uliovumishwa kutoka Peramiho mkoani Ruvuma, hufanya kazi hiyohiyo kwa kasi. Majani ya alizeti mwitu, yanayomea kando ya njia nyingi za mlimani, yana naitrojeni na potasi nyingi na huoza upesi. Katika upande wa mashariki, ambako viungo na matunda hukua chini ya kivuli cha miti, mfumo mzima hufanana na msitu: majani hudondoka mwaka mzima, udongo haupinduliwi, na bidhaa inayouzwa, kama mdalasini au iliki, ni nyepesi na ya thamani, hivyo hubeba virutubisho vichache. Kilimo hai hapo karibu kinajifaa chenyewe.

Ugumu huanza kwenye mboga na nafaka. Samadi kavu ya ng'ombe huwa na naitrojeni kati ya asilimia 1 na 2. Tani nzima, kwa hiyo, ni sawa na chini ya mfuko mmoja wa urea, na nusu yake au zaidi haipatikani msimu wa kwanza. Kwa mizigo ya kilo 20 kichwani, tani hiyo ni safari 50 za kupanda mlima. Kabla ya kuhesabu safari kuna swali la samadi yenyewe itoke wapi, maana Uluguru si nchi ya ng'ombe wengi. Mgeta ina afueni kidogo: nguruwe wapo, na mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norwei, waliosambazwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) tangu miaka ya 1980, hufugwa bandani na samadi yao hukusanywa kwa ufagio. Bondeni ng'ombe wapo kwa maelfu, mikononi mwa wafugaji ambao wakulima wamegombana nao kwa miongo. Juhudi za SAT za kuwakutanisha, mkulima akitoa mabua na malisho, mfugaji akitoa samadi, zina maana kubwa kuliko semina nyingi za rutuba, kwa sababu zinashughulikia mahali virutubisho vilipo.

Kuna jambo la kemia pia ambalo watetezi wa kilimo hai hulipita haraka. Mboji iliyotengenezwa kwa majani yaliyomea kwenye udongo usio na fosforasi haiwezi kuwa na fosforasi. Huzungusha kilichopo na haiongezi. Mabua makavu ya mahindi yakifukiwa peke yake hufanya kinyume kwa muda, kwani vijidudu vinavyoyaozesha huteka naitrojeni ya udongo na mahindi yakageuka manjano. Dawa ya upungufu wa fosforasi inayokubalika hata kwenye kilimo hai iko Tanzania: mwamba wa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, uliotokana na mabaki ya ndege wa ziwani wa zama za kale. Mwamba huu huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali na huja na kalisi ndani yake. Kwa hiyo hufaa mlimani, na kwenye udongo mweusi wa Mkata hubaki kuwa unga uliolala.

Hoja ya kuzuia udongo usiondoke

Hoja ya tatu ndiyo kongwe kuliko zote hapa, na imewahi kumwaga damu. Utawala wa Kiingereza ulianzisha mwaka 1950 mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru uliojulikana kwa kifupi kama ULUS. Wataalamu waliona mito ikijaa tope na wakaamua kwamba kila mwenye nguvu achimbe matuta ya ngazi kwenye mteremko, kwa lazima. Julai 1955 hasira zilifumuka Matombo. Polisi walifyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mpango ukafa mwaka huohuo. Upinzani huo uliingia katika historia ya siasa za uhuru, na mara nyingi husimuliwa kama kisa cha wananchi dhidi ya wakoloni. Ndivyo ilivyokuwa, ila ndani yake kuna somo la udongo lisilosemwa vya kutosha.

Kuchimba ngazi kwenye mteremko mkali ni kukata ndani ya mlima. Tabaka jeusi la juu, lenye unene wa kiganja kimoja au viwili, huzikwa, na udongo mwekundu wa chini, wenye tindikali na usio na mboji, hutokea juu kuwa kitalu cha mbegu. Mahindi yaliyopandwa kwenye matuta mapya yalizaa kidogo kuliko ya mteremko wa kawaida. Wakulima walikuwa wakiambiwa wafanye kazi ngumu zaidi ili wavune kidogo zaidi, na mtaalamu hakuwa na samadi, chokaa wala mbolea ya kuponya jeraha alilolichimbisha. Lalamiko lao lilikuwa sahihi kiagronomia. Sehemu za Mgeta zilizokuwa zikilima mboga za soko zilibaki na matuta: mboga zililipa jasho, na samadi ikawa inatiwa. Kuzuia mmomonyoko bila kurudisha rutuba kulishindwa Matombo. Kukiwa na rutuba, kulifaulu umbali usio mkubwa kutoka hapo.

Waluguru walikuwa na njia yao kabla ya ULUS. Magugu na mabaki ya mazao hupangwa kwa mistari inayokatiza mteremko, kisha udongo wa juu yake hukwanguliwa kwa jembe kuyafunika, na mlima ukawa kama umechorwa vidato. Vidato hivi ni dhaifu kuliko matuta ya kuchimba na havizuii mvua kubwa. Hata hivyo hufukia mboji palepale mazao yatakapopandwa, na havifunui udongo wa chini. Vinapunguza hasara moja bila kuzalisha nyingine.

Mmomonyoko wenyewe hauletwi na mvua peke yake. Utafiti wa wataalamu wa SUA na wenzao wa Ubelgiji kwenye miteremko ya kaskazini umeonesha uzito wa mmomonyoko wa jembe. Kwenye mteremko mkulima husimama akitazama juu na kulivuta jembe kuelekea miguuni. Kila pigo hushusha udongo hatua kidogo. Msimu kwa msimu sehemu ya juu ya shamba hubaki nyekundu na changarawe, na ya chini hujaza udongo mweusi mnene. Mahindi huliandika jambo hilo waziwazi: mafupi na ya manjano juu, marefu na ya kijani chini, ndani ya shamba moja la mtu mmoja. Kupanda bila kupindua udongo, desturi ambayo baadhi ya wakulima wa Morogoro huiita kuberega, hupunguza hasara hii kwa gharama ya kupambana na magugu kwa njia nyingine.

Kuna pia hatari ambayo matuta huweza kuiongeza. Tarehe 23 Februari 1970 mvua ya kama milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiozidi saa tatu, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp, walioyachunguza, walikuta kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyika, na machache mno kwenye msitu. Mizizi mirefu ya miti ilikuwa imeushona udongo kwenye mwamba. Tuta hulazimisha maji yazame. Kwenye udongo mwembamba uliolalia mwamba, maji yaliyozama yasipopata pa kutokea hulegeza mteremko mzima. Kwa miteremko mikali kabisa, miti au mazao ya kudumu ni salama kuliko tuta lolote, na mistari ya mabingobingo au mananasi inayokatiza mteremko hufuata.

Ardhi ya nani, jasho la nani

Hoja zote tatu huzungumza kana kwamba mkulima yuko huru kuamua. Kwa Waluguru, ardhi ya asili hurithiwa kwa upande wa mama na husimamiwa na ukoo. Mgeni, au hata mume aliyelima kwenye ardhi ya ukoo wa mke, kwa desturi alipewa shamba la kulima kwa malipo madogo ya kila mwaka yaitwayo ngoto, na hakuruhusiwa kupanda mazao ya kudumu, kwa kuwa mti ni ushahidi wa umiliki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeleta hati za hakimiliki ya kimila, lakini kukodisha kwa msimu kunaendelea kila mahali. Aliyekodi kwa msimu mmoja ana kila sababu ya kutia urea, inayorudisha fedha kwa miezi minne, na hana sababu ya kutia chokaa, samadi au Minjingu, ambavyo faida yake huonekana mwaka wa pili na wa tatu akiwa hayupo. Kumlaumu kwa kutojali udongo ni kumlaumu kwa kujua hesabu.

Moto nao una hesabu yake. Kuchoma shamba kabla ya vuli huokoa siku nyingi za kufyeka, hupunguza tindikali kidogo kwa majivu, na hutoa potasi papo hapo. Naitrojeni na salfa hupaa na moshi, na ardhi hubaki uchi siku mvua kali za kwanza zinapoanguka. Familia yenye nguvukazi ndogo huchagua moto huku ikijua.

Kuzipima hoja

Ukiziweka pamoja, hoja hizi tatu hugombana kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kila moja hutaja kiungo kimoja cha mfululizo, na kinachokosewa ni mpangilio. Mbolea kwenye udongo unaoteremka ni hasara, na tuta kwenye udongo usio na rutuba ni hasara, kama Matombo ilivyothibitisha. Mboji isiyo na fosforasi huzungusha umaskini. Mkulima mwenye fedha na nguvu za kufanya jambo moja tu msimu huu anahitaji kujua lipi lianze, na jibu hubadilika kwa mahali.

Kwenye miteremko mikali ya mashariki, Kinole na jirani zake, miti na viungo vina haki ya kwanza. Kilimo hai kinafaa hapo kwa sababu za udongo, mbali na sababu za soko, na Minjingu chini ya shina ndiyo nyongeza yenye maana. Kulima mahindi kila mwaka kwenye mteremko huo hakuokolewi na mbolea yoyote.

Mgeta ni kesi ngumu zaidi. Mboga huondoka na virutubisho vingi mno kwa samadi ya mbuzi na nguruwe kuvifidia peke yake. Matuta yaliyopo yanalipa, samadi iwekwe kwenye shimo la mche, na mbolea ya dukani iongezwe kidogo kidogo juu ya mboji hiyo, CAN ikipewa kipaumbele kuliko SA. Mchanganyiko huu hutoa zaidi ya kila kimoja peke yake, kwa kuwa mboji huishika mbolea isioshwe nayo mbolea huharakisha mavuno ya mabaki yatakayokuwa mboji. Msimamo mkali wa kilimo hai bila mbolea kabisa una gharama hapa, na mara nyingi gharama hiyo hulipwa kwa kupanua shamba kuelekea msituni, ambako tangu 2008 kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru.

Bondeni, mmomonyoko si adui mkubwa na tindikali haisumbui sana. Kurudisha mabua shambani, mseto wa mahindi na kunde dhidi ya kiduha, samadi ya wafugaji, na naitrojeni ya dukani kwa kipimo hutosha kubadili mavuno. Chokaa na Minjingu zisinunuliwe kabla ya kupima. Upimaji wenyewe umesogea karibu: SUA ina maabara, TARI Mlingano ya Tanga ndicho kituo cha utafiti wa udongo nchini, na halmashauri zimepewa vifaa vya kupimia shambani. Kipimo kimoja hata hivyo hakitoshi kwa shamba la mteremko. Sampuli ya juu na ya chini zichukuliwe kando, la sivyo wastani utakaopatikana hautafaa popote.

Inabaki gharama ambayo hakuna mkulima anayeweza kuibeba peke yake. Kupanda miti na kuchimba makinga maji hupunguza eneo la kulima leo kwa faida ya miaka ijayo, na sehemu kubwa ya faida hiyo humfikia mtu wa mbali: Ruvu inayoanzia hapa ndiyo chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam, na Ngerengere hujaza Bwawa la Mindu linalonywesha mji wa Morogoro. CARE na WWF walilijaribu jambo hilo kuanzia 2006 huko Kibungo Juu, ambako wakulima waliochimba matuta, kupanda miti na kutia samadi walilipwa kwa fedha kutoka DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza. Malipo ya aina hiyo yakitegemea mradi huwa na umri wa mradi, ilhali chokaa na mti huhitaji miaka mingi kuliko hiyo. Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu tayari hukusanya ada kwa watumiaji wa maji kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2009, na sehemu ya ada hiyo ingetengwa kwa kudumu kulipia miche, chokaa na siku za kazi huko juu, aliyekodi shamba kwa msimu mmoja naye angekuwa na hesabu nyingine ya kupiga.